Wingu Linalopita Pemba, Theluji Inayoanguka Kibo: namna ya kusoma utabiri wa mlimani

Ukiondoa miezi ya masika, haipiti wiki bila wageni kushuka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume wakiwa wametoka kupanda Kilimanjaro, au wakiwa na tiketi ya kwenda huko baada ya kuota jua la Nungwi. Waongoza watalii wa Mji Mkongwe na wahudumu wa hoteli za Paje na Kiwengwa huulizwa kila siku: huko juu hali ya hewa itakuwaje, na theluji ipo? Vijana wetu nao siku hizi hujikusanya makundi na kwenda kuupanda mlima wenyewe. Simu inafunguliwa, kinatokea kialama cha theluji na maandishi "sm 12", na hapo mkanganyiko unaanza. Sentimita 12 wapi? Kwenye kituo cha kulala au kileleni? Usiku mmoja au siku nzima? Na ina maana gani ikiwa programu nyingine, kwa mlima huohuo na siku hiyohiyo, inaonyesha jua na nyuzi 30?

Mtu wa visiwani anaweza kuuelewa utabiri wa theluji kuliko anavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni maji ya bahari yetu. Kutoka Wete mpaka Kibo ni kama kilomita 340 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Mjini Unguja ni karibu 400. Pepo tunazozijua kwa majina, kaskazi na kusi, ndizo zinazopeleka unyevu huko. Kinachobadilika ni kimo.

Tuanze na joto, maana hilo ndilo linaloamua kama wingu litamwaga maji au theluji. Hewa inapopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi 6 hadi 6.5. Chukua siku ya kawaida ya kaskazi hapa Unguja, nyuzi 29 ufukweni, ugawanye kwa 6. Sifuri utaikuta karibu na mita 4,800. Ni hesabu ya kwenye karatasi, lakini haiko mbali na ukweli: katika nchi za joto, kimo ambacho hewa hufikia nyuzi sifuri hubaki kati ya mita 4,500 na 5,000 karibu mwaka mzima. Tukiite kimo hicho mstari wa sifuri, mambo mengi yanajieleza. Masingini, mgongo wa juu wa Unguja, haufiki hata mita 150. Mlima Meru, wenye mita 4,566, uko mpakani, kwa hiyo theluji huudondokea mara mojamoja na kuyeyuka upesi. Kibo ina mita 5,895, yaani imeuzidi mstari kwa zaidi ya kilomita nzima, na ndiyo sababu ina theluji ilhali iko digrii tatu tu kusini ya ikweta.

Theluji haigeuki maji papo hapo inapouvuka mstari huo. Chembe zake zinahitaji muda wa kuyeyuka, na kule kuyeyuka kunanyonya joto la hewa inayozizunguka. Ndiyo maana theluji hufika mita 200 au 300 chini ya mstari wa sifuri, na dhoruba ikiwa kubwa na ya muda mrefu hujipozea njia na kushuka chini zaidi. Kambi ya Barafu, ambako wapandaji wengi wa njia ya Machame hulala kabla ya usiku wa kwenda kileleni, iko kwenye mita zipatazo 4,600. Hapo ndipo pa mashaka. Usiku mmoja mahema hulowa mvua, usiku wa pili hulemewa na theluji, na tofauti kati ya siku hizo mbili inaweza kuwa nyuzi moja na nusu tu.

Kwa milima ya Ulaya, ambako watu huenda kuteleza juu ya theluji kwa mbao za skii, tatizo hilo ni kubwa mara nyingi zaidi. Kwetu mstari wa sifuri unasogea kwa mita mia chache. Kwenye Alps, wakati wa baridi, unaweza kuwa mita 500 leo na keshokutwa ukapanda hadi 3,000, pindi hewa ya joto kutoka Atlantiki inapoingia. Kijiji cha wageni kiko mita 1,200, na lifti inayoning'inia kwenye waya inawafikisha mita 3,000. Wingu ni lilelile, saa ni ileile, chini wanatembea na miavuli na juu wanazama magotini. Mtaalamu wa hali ya hewa wa eneo la skii akikosea mstari wa sifuri kwa mita 300, amekosea utabiri wote wa kijiji, hata kama kiasi cha maji alichokitabiri ni sahihi hadi milimita ya mwisho. Kwa sababu hiyo, taarifa nzuri ya mlimani huandika kimo ambacho theluji itaanzia, na haiishii kwenye neno "theluji" peke yake.

Sasa tuje kwenye unyevu. Hapa mtu aliyekulia Unguja au Pemba anamtangulia mgeni.

Kusi inapovuma, takriban Juni hadi Septemba, hewa inatoka kusini-mashariki ikiwa imebeba unyevu wa bahari. Tunapata kipupwe, na mara nyingine mvua za mchoo, zile rasharasha za asubuhi zinazopita upesi. Mvua hizi ni fupi kwa sababu mawingu yake ni mafupi. Kilomita chache juu ya bahari pana tabaka la hewa kavu yenye joto kuliko iliyo chini yake, nalo huyazuia mawingu yasipande. Hewa hiyohiyo ikifika Kilimanjaro hugonga upande wa kusini, hulazimika kupanda, hupoa, na kunyesha kwenye msitu. Miteremko ya kusini, karibu na kimo cha mita 2,000, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa kaskazini, ambao mlima umeukinga, ni mkavu kwa mbali. Kileleni nako kunabaki kukavu, kwa kuwa mawingu hayafiki. Mpandaji wa Agosti hutembea siku mbili kwenye ukungu na matope, kisha hutokeza juu ya mawingu akakuta jua kali na anga ya buluu mpaka mwisho wa safari.

Mambo hubadilika ukanda wa mvua unapotupitia, ukielekea kaskazini kwenye Machi hadi Mei na ukirudi kusini kwenye Oktoba hadi Desemba. Huo ndio masika na vuli. Pepo hulegea, lile tabaka la kuzuia hudhoofika, na mawingu hupanda kilomita 10 na zaidi. Mawingu hayo ndiyo yanayomwaga ndoo kwa ndoo Chake Chake na kuwatia hofu wenye karafuu walioanika kwenye majamvi, na ni marefu kiasi cha kuifunika Kibo yote. Theluji kubwa ya Kilimanjaro huanguka katika misimu hiyo miwili. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mwaka huu kilele kitakuwa cheupe, uliza kwanza vuli imekuwaje.

Je, inawezekana kuijua vuli kabla haijaja? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu, na kituo cha utabiri cha ICPAC kilichoko Kenya hufanya hivyo kwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Vuli inatabirika vizuri kuliko masika kwa sababu imefungamana na hali ya bahari, na bahari hubadilika polepole. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani waliieleza kwa mara ya kwanza tabia ya Bahari ya Hindi ambayo leo inaitwa daipoli: kuna miaka upande wetu wa magharibi unapata joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa. Miaka hiyo vuli hufurika. Ilitokea 1997, ikaambatana na El Niño kali, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki. Ilitokea 2019, ikiwa miongoni mwa daipoli kali kuwahi kupimwa. Ilitokea tena 2023 pamoja na El Niño nyingine, na Desemba ya mwaka huo matope yakaporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu wengi Katesh. Kinyume chake, La Niña, yaani kupoa kwa maji hayo ya Pasifiki, iliyoanza 2020 na kudumu mpaka mwanzoni mwa 2023 iliandamana na ukame mkubwa katika ukanda wetu. Wanasayansi waliochunguza Kibo wamekuta kwamba theluji yake nayo inafuata daipoli hiyohiyo. Joto la maji linalowaunguzia mwani akina mama wa Paje na Jambiani ni sehemu ya habari ileile inayosomwa na mtu anayetaka kujua theluji ya Desemba.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu asilimia, maana taarifa hizi zinasomwa vibaya mno, na si kwa kosa la msomaji. Mwelekeo wa msimu hugawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Pasipokuwa na dalili yoyote, kila fungu lingepata kama asilimia 33. Tuseme, kwa mfano tu, taarifa imetoa 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini. Watu husikia "mvua kubwa inakuja". Taarifa haijasema hivyo. Imesema kuwa mizani imeelemea upande mmoja, na kwamba katika miaka mitano ya namna hiyo, mmoja bado utakuwa mkavu. Haijasema lolote kuhusu tarehe 14 Novemba. Anayepanga kupanda mlima kwa kutazama mwelekeo wa msimu atumie taarifa hiyo kuchagua mwezi. Siku ataichagua kwa utabiri wa siku chache, na hata huo baada ya siku sita au saba hupoteza nguvu.

Utabiri wa siku chache hutengenezwa na kompyuta zinazoigawa hewa ya dunia katika miraba. Modeli ya kituo cha Ulaya cha utabiri, ambayo programu nyingi za simu huchota kutoka kwake, ina miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Ndani ya mraba mmoja, kilele, mabonde na mteremko vyote huwa kimo kimoja cha wastani, na Kibo ya kompyuta inakuwa fupi kuliko Kibo yenyewe. Mlima mfupi unaisukuma hewa juu kidogo tu na una joto zaidi, kwa hiyo kompyuta inaweza kuandika mvua mahali ambapo kwa kweli itaanguka theluji. Programu hujaribu kurekebisha kwa kupunguza nyuzi kadhaa kwa kila mita 1,000. Marekebisho hayo husaidia siku ambazo hewa imechanganyika vizuri. Hushindwa kabisa siku ambazo hewa baridi imetuama bondeni, jambo la kawaida katika Alps wakati wa baridi, ambapo kijijini ni nyuzi 8 chini ya sifuri na kwenye lifti ya juu ni nyuzi 2 juu yake.

Kituo hichohicho cha Ulaya hakiendeshi hesabu moja. Huendesha 51, kila moja ikianzia na hali tofauti kidogo, kwa sababu hakuna mtu anayeijua hewa ya sasa hivi kwa ukamilifu. Ni kama kuwauliza manahodha 51 wenye uzoefu, kila mmoja akiwa amesimama sehemu yake ya pwani, kama kesho pata­kuwa na bahari tulivu. Arubaini na watano wakikubaliana, tweka tanga. Wakigawanyika nusu kwa nusu, huo nao ni ujumbe kamili. Kwa bahati mbaya kialama cha theluji kwenye simu hakionyeshi mgawanyiko huo. Huonyesha hesabu moja, au wastani wa zote, na wastani wa "hakuna kitu" na "sentimita 30" ni sentimita 15, kiasi ambacho huenda hakuna hata hesabu moja iliyokitaja.

Kuna mtego mwingine, na huu nawasihi waongoza watalii wauangalie sana. Ukiandika "Kilimanjaro" kwenye simu, mara nyingi unapewa uwanja wa ndege au mji wa Moshi, sehemu zilizo chini ya mita 1,000. Ndiyo ile nyuzi 30 na jua. Kati ya uwanja huo na kilele pana mita 5,000, na kwa hesabu yetu ya mwanzo hizo ni nyuzi 30 za tofauti. Tafuta taarifa inayotaja kimo, na usiiamini isiyokitaja. Kisha ongeza upepo. Kileleni wastani wa joto ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 40 kwa saa huufanya mwili uhisi kama nyuzi 17 chini ya sifuri. Mtu aliyezoea kuvaa koti Julai asubuhi pale Forodhani hana kipimo cha baridi hiyo, na ni haki yake kuambiwa kabla hajapanda boti.

Tumalizane na zile sentimita. Kompyuta hutabiri maji, kisha maji hugeuzwa kuwa kina cha theluji kwa kuzidishwa. Kanuni ya kawaida ni kumi kwa moja: milimita 10 za maji hutoa sentimita 10 za theluji. Theluji nzito iliyolowa, inayoanguka karibu na sifuri, huenda ikatoa 5 tu. Ile nyepesi ya baridi kali hufika 20. Kwa hiyo "sm 12" inaweza kuwa 6 au 24 bila kompyuta kukosea maji hata kidogo. Baadaye upepo huifagia kutoka mgongoni na kuirundika kwenye makorongo, mpandaji akakuta mwamba mtupu hatua ishirini kutoka mahali theluji inapomfika kiunoni.

Waendeshaji wa maeneo ya skii wanaishi ndani ya mashaka haya kila siku, hata hapa barani kwetu. Morocco ina Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas, takriban mita 2,600 hadi 3,200, inayotegemea mvua zinazoletwa na bahari wakati wa baridi ya kaskazini. Lesotho ina Afriski, juu ya mita 3,000, ambayo msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye kipupwe. Huko theluji ya asili ni chache, kwa hiyo mashine hurusha maji yaliyokatwa vipande vidogo ili yagande hewani. Kwa mashine hizo, swali la utabiri linageuka: hawaombi wingu, wanaomba usiku mkavu wenye baridi, kwa sababu hewa kavu huyapoza matone haraka na mashine zikafanya kazi hata kwenye nyuzi mbili au tatu tu chini ya sifuri. Upepo ukizidi, lifti hufungwa hata kama theluji ni nzuri kupindukia.

Katika Alps utabiri hauishii kwenye theluji mpya. Huambatana na taarifa ya hatari ya maporomoko, yenye ngazi tano. Theluji nyingi ya mara moja, upepo, au joto la ghafla hulikata tabaka la juu kutoka lile dhaifu la chini, hasa kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Vifo vingi hutokea kwenye ngazi ya tatu, na sababu mojawapo ni kwamba watu huiona namba ya katikati na kudhani ni salama. Sisi tuna kitu cha kufanana katika rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa, njano kwa angalizo, machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa, na wavuvi wa Mkokotoni wanajua ni mara ngapi njano imedharauliwa. Kilimanjaro maporomoko ya theluji si hatari kuu; hatari zaidi ni mawe yanayoachiwa na barafu inayoyeyuka. Januari 2006 mawe hayo yaliwaua wapandaji watatu upande wa Western Breach.

Barafu hiyo nayo inahusiana na utabiri kwa njia ambayo wengi hawaijui. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuta kuta kubwa za barafu. Ramani ya 1912 ilionyesha takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Tangu 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wameweka kituo cha kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, na vipimo vyao vimeonyesha kwamba adui mkubwa wa barafu hiyo ni jua, hasa pale linapokosa theluji mpya ya kulirudisha. Theluji iliyoanguka jana huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi humeza zaidi ya nusu yake, na katika ukavu wa huko juu sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kwa hiyo vuli njema inaivika barafu shuka jeupe kabla ya jua la Januari na Februari, na vuli mbaya inaiacha uchi miezi miwili. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 iliitaja barafu ya Kilimanjaro miongoni mwa zile zitakazotoweka ifikapo 2050. Theluji ya msimu itaendelea kuanguka hata baada ya hapo, kwa sababu kilele bado kitakuwa juu ya mstari wa sifuri, na wapagazi waliobeba mizigo ya wageni wetu watahitaji kuambiwa mapema, kwa kimo na kwa saa, usiku ambao itaanguka.